Buti za Shilingi 15,000 au Viatu vya Mtumba? Jibu kwa Mama Anayetaka Kupanda Ngong

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 38, na ninaishi Umoja, Nairobi. Mwezi wa tano nilikwenda msitu wa Karura na wenzangu wa kazini nikiwa nimevaa raba za turubai, suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Mvua ilitunyeshea, nikarudi nyumbani nikitetemeka, na malengelenge mawili kwenye visigino. Sasa wenzangu wamepanga kupanda vilima vya Ngong mwezi wa saba, na baadaye Longonot. Mmoja wao ananiambia nisithubutu kwenda bila buti za ngozi zinazofunika kifundo cha mguu, koti lisilopitisha maji na begi la mlimani, na kwamba buti pekee ni shilingi 15,000. Mimi nina shilingi 5,000 za kununulia kila kitu. Tena goti langu la kushoto huniuma ninaposhuka ngazi. Je, nisubiri hadi nipate pesa, au kuna namna ya kwenda salama na hicho nilicho nacho?"

Dada, usisubiri. Shilingi 5,000 zinatosha kukufikisha juu ya Ngong na kukurudisha Umoja ukiwa mkavu na visigino vyako vikiwa vizima, mradi uzitumie kwa mpangilio unaofaa, na mpangilio huo si ule uliopewa na mwenzako. Naelewa hofu yako, kwa sababu siku moja mbaya msituni humfanya mtu aamini kwamba kosa lilikuwa kukosa vifaa vya bei ghali. Hata hivyo, nikisoma maelezo yako naona mambo matatu yaliyokuumiza: maji ndani ya viatu, pamba mwilini, na kiatu kilichokuwa kikicheza kisiginoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shilingi 15,000 kurekebishwa. Goti ni suala tofauti, nami nitalirudia kwa urefu kidogo.

Nianze na buti, kwa kuwa ndizo zilizokutisha. Watu wengi huamini kwamba shingo ndefu ya buti ndiyo inayomzuia mtu asiteguke. Ushahidi wa imani hiyo ni dhaifu kuliko wauzaji wanavyotaka tuamini. Mguu huteguka pale unapokanyaga mahali pasipo imara, au pale misuli inapochoka na kuchelewa kuusawazisha, na ngozi iliyozunguka kifundo huweza kusaidia kidogo tu baada ya kosa hilo kuanza kutokea. Kinachozuia kosa lenyewe ni soli inayoshika ardhi, kiatu kinachoukaa mguu vizuri, na miguu isiyochoka mapema. Kwenye hili la uchovu, buti nzito zinaweza kukudhuru, maana uzito uliofungwa mguuni huinuliwa na kushushwa kwa kila hatua, na humchosha mtu mara kadhaa kuliko uzito huohuo ukiwa mgongoni. Buti za ngozi zina kazi yake kwa mtu anayebeba mzigo mkubwa kwa siku nyingi, au anayetembea kwenye matope ya kina na mawe makali ya milima mirefu. Mtu anayetembea saa nne au tano akiwa na begi lenye maji na chakula anahitaji kiatu chepesi chenye meno.

Fikiria ardhi utakayoikanyaga. Mgongo wa vilima vya Ngong, kuanzia upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi, una urefu wa takriban kilomita 10, na sehemu kubwa ni majani mafupi na njia za udongo ambazo asubuhi yenye ukungu huwa telezi hata kama mvua haikunyesha. Vilele vyake havifuatani kwa upole, bali unapanda kimoja, unashuka, kisha unapanda kingine, na miteremko hiyo mifupi ndiyo inayoangusha watu. Longonot ni tofauti kabisa. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai, Oloonong'ot, linaloelezwa kuwa na maana ya mlima wa matuta mengi, na ukiupanda utaona kwa nini, kwani majivu ya volkano yamechimbwa na maji ya mvua hadi njia yenyewe ikawa mfereji mwembamba wenye vumbi laini. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7 nyingine, huku kilele kikiwa mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Kwenye majivu makavu, soli laini huteleza kama iliyo juu ya mtama uliomwagika sakafuni. Raba zako za turubai zina soli bapa, na hiyo ndiyo sababu ya kuziacha nyumbani, si kwa sababu ni za bei nafuu.

Kwa hiyo tafuta viatu vya mtumba vya kukimbilia njia za udongo, au vile viatu vifupi vya kupandia milima visivyofika kifundoni. Katika masoko ya Gikomba na Toi vinapatikana kwa wingi, na ukienda asubuhi robota la mitumba likifunguliwa utapata kamera, yaani chaguo la kwanza, kwa bei ya juu kidogo lakini katika hali bora. Pembe za meno ya soli ziwe bado kali, meno yawe yameachana ili tope lidondoke lenyewe, na kina chake kiwe angalau nusu ya upana wa kucha ya kidole chako kidogo. Pindisha kiatu kwa mikono miwili. Kinapaswa kujikunja kwenye vifundo vya vidole, mahali mguu wako unapojikunja, na kikijikunja katikati ya unyayo kiache.

Sasa kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayenunua viatu vya mtumba alijue, na nitalieleza kwa kina kwa sababu limewahi kuniharibia safari. Miaka michache iliyopita nilikuwa naongoza kundi dogo Longonot, na kijana mmoja alikuja na buti nzuri mno, za ngozi nzito, ambazo zilionekana kana kwamba hazijawahi kuvaliwa. Tulikuwa tumemaliza robo ya ukingo aliposema kwamba mguu wake wa kulia unapiga makofi. Soli yote ilikuwa imeachia kuanzia kisiginoni, na nilipoigusa ile sehemu ya katikati, kati ya ngozi na mpira wa chini, ilivunjikavunjika mikononi mwangu kama ukoko wa ugali wa jana. Dakika 20 baadaye kiatu cha kushoto kikafanya vivyo hivyo. Tulivifunga vyote viwili kwa vipande vya leso na kamba za begi, tukageuka, na akashuka mteremko wote wa majivu akiwa kama aliyevaa ndala zilizokatika.

Sababu ni hii. Soli ya katikati ya buti nyingi hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya sponji nzito inayodumu sana inapotumika, lakini ambayo hushambuliwa polepole na unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani huvunja minyororo ya kikemikali inayoishikilia sponji hiyo, na kazi hiyo huendelea hata kiatu kikiwa ndani ya kabati au ndani ya robota linalosafirishwa baharini kwa wiki kadhaa. Hivyo kiatu ambacho hakijavaliwa kamwe kinaweza kuwa kimeoza kwa ndani, na mng'ao wa ngozi yake haukwambii lolote. Baada ya miaka kati ya 5 na 10 hatari hiyo huwa kubwa. Viatu vyepesi vya kukimbilia kwa kawaida hutumia aina nyingine ya sponji, nyepesi zaidi, ambayo haiozi kwa unyevu namna hiyo bali hubonyea tu na kupoteza mdundo, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kukupendelea viatu hivyo.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa chochote. Mbele ya muuzaji, kandamiza ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa ile soli ya katikati kwa nguvu, kisha uachie. Sponji nzima hurudi mahali pake. Iliyooza huacha shimo, hunata kidoleni, au hutoa chenga. Kisha kunja kiatu na uangalie ubavu huo kwa karibu, kwani nyufa nyembamba kama nywele zinatosha kukufanya ukirudishe. Angalia pia chini ya ulimi wa kiatu, ambapo viatu vingi vya michezo vina kitambulisho kidogo chenye tarehe ya kutengenezwa. Ukikuta vina zaidi ya miaka 10, shukuru na uondoke. Wala usikubali ukiambiwa kwamba fundi atakishona. Fundi wa viatu anaweza kuokoa soli ambayo gundi yake tu ndiyo imeachia, na kwa kweli ningependa umpe viatu vyako avishone soli kuzunguka pembeni kabla ya safari, maana kazi hiyo ni ya bei ndogo na huondoa wasiwasi mwingi. Hata hivyo, uzi hauwezi kushika sponji iliyogeuka unga.

Jaribu viatu jioni, ukiwa umeshinda umesimama, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na itavimba vivyo hivyo mlimani. Vaa soksi utakazotembea nazo. Simama, sukuma mguu mbele, na upana wa kidole kimoja uingie nyuma ya kisigino, kwani wakati wa kushuka vidole vitasukumwa mbele, na kiatu kinachobana ndicho kinachoua kucha. Baada ya kuvinunua, vitembelee. Vaa kwenda kituo cha matatu, vaa sokoni, na ikiwezekana rudi Karura Jumamosi moja utembee saa mbili. Kiatu kipya kwako ni kipya, hata kama kimeshavaliwa na mtu mwingine.

Hapo tunafika kwenye malengelenge yako. Lengelenge halitokani na kusuguliwa juujuu kama wengi wanavyodhani. Kila unapopiga hatua, mfupa wa kisigino husogea huku ngozi ya nje ikiwa imenaswa na soksi, na tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa pande mbili mara maelfu, hadi zinapoachana na nafasi hiyo kujaa maji. Ngozi iliyolowa hunata zaidi kwenye soksi kuliko ngozi kavu, na ndiyo maana mvua ya Karura ilikuumiza haraka vile. Dawa yake ni kufanya mtelezo utokee kati ya kitambaa na kitambaa badala ya ndani ya ngozi. Vaa soksi nyembamba za nailoni, zile fupi za ofisini zinauzwa kila kona ya mji, kisha juu yake soksi nene zisizo za pamba tupu. Beba jozi nyingine kavu. Nunua pia kwenye duka la dawa roli moja ya plasta ya kitambaa, ile inayonata kwelikweli, na ukihisi joto mahali popote mguuni, simama papo hapo, kausha, ubandike. Najua ni aibu kuwasimamisha wenzako dakika 10 baada ya kuanza. Simamisha hata hivyo, kwa sababu ile dakika ya kwanza ya joto ndiyo pekee ambayo plasta ina uwezo wa kukusaidia; lengelenge likishaumbika, kazi yake ni kulilinda tu.

Kuhusu kutetemeka, pamba ndiyo iliyokuponza. Nyuzi zake hunywa maji na kuyashikilia, na maji hupitisha joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Fulana iliyolowa ikigusa mgongo, mwili wako unaipasha moto fulana badala ya kujipasha wenyewe, na upepo ukivuma, maji yanayokauka huondoka na joto jingine. Jinzi ni mbaya zaidi, kwani ikilowa huwa nzito, huganda mapajani na haikauki siku hiyo. Sasa fikiria Ngong mwezi wa saba. Nairobi kwenyewe ni baridi na mawingu hukaa hadi adhuhuri, na kilele kirefu zaidi cha Ngong kina takriban mita 2,460, yaani zaidi ya mita 600 juu ya katikati ya jiji. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo utakuwa na nyuzi kama 4 pungufu kabla ya kuhesabu upepo, nao upepo wa huko ni wa kudumu, maana mitambo ya kufua umeme kwa upepo ilisimamishwa pale tangu 1993 kwa sababu hiyohiyo.

Habari njema ni kwamba nguo zinazofaa tayari ziko nyumbani mwako au kwa jirani. Jezi ya mpira ya poliesta ndiyo nguo bora ya kwanza mwilini, kwa kuwa haishiki maji na hukauka ukiwa unatembea. Juu yake vaa sweta ya akriliki, hata ile ya shule iliyoachwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, au sweta ya sufu ya mtumba. Chini vaa taitsi au suruali ya trakisuti. Chukua kofia na shuka au leso moja nzito, ambayo nitakwambia matumizi yake matatu: ni shali wakati wa kupumzika, ni kitambaa cha kuning'inizia mkono mtu akiuteguka, na ni mto wa kukalia kwenye majani yaliyolowa umande. Anza kutembea ukihisi baridi kidogo. Anayeanza akiwa amejifunika gubigubi hulowa jasho kwenye kilele cha kwanza, kisha jasho hilo humgandisha kwenye cha pili.

Koti la juu ni kitu cha pili kinachostahili pesa zako baada ya viatu, na hapa pia kuna dhana ya kusahihisha. Kwa safari fupi, kuzuia upepo kuna faida zaidi kuliko kuzuia kila tone la maji. Jaketi jembamba la nailoni la mtumba, lililofumwa kwa karibu na lenye kofia, linatosha kwa manyunyu na ukungu. Ukitaka linalozuia mvua, ligeuze ndani nje na ulipapase. Makoti hayo huwa na utando wa ndani, na utando ukizeeka hubambuka kama ngozi iliyoungua jua na kuanguka vipande vyeupe. Likiwa hivyo, ni koti la upepo tu, nawe ulipe bei ya koti la upepo. Tazama mishono iwe na ukanda uliobandikwa juu yake kwa ndani, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kama utando ni mzima lakini maji hayateremki tena juu ya kitambaa kwa nje, lifue, likauke, kisha lipige pasi ya moto mdogo ukiwa umetandika taulo juu yake, na mara nyingi dawa ya kuzuia maji iliyolala kwenye kitambaa huamka tena.

Usishangae, lakini, ukilowa hata ndani ya koti zima. Mwili unaopanda mlima hutoa mvuke mwingi kuliko koti lolote linavyoweza kuutoa nje, na maji unayoyakuta ndani mara nyingi ni jasho lako. Fungua zipu kifuani unapopanda, funga ukifika kwenye upepo. Kwa mvua kubwa yenyewe, chaguo ninalolipenda ni lile koti pana la mvua linalovaliwa na abiria wa bodaboda, kwa kuwa hufunika mtu na begi lake pamoja na hewa hupita chini. Udhaifu wake ni upepo, unaolipeperusha hadi usoni, basi lifunge kiunoni kwa leso.

Begi la shule la mtoto wako linatosha. Weka maji na vitu vizito juu na karibu na mgongo, kaza mikanda hadi begi lisicheze. Kinga ya maji ndani ya begi inahitaji ubunifu, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mimi hununua nusu mita ya ile plastiki ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita, nikaikunja ndani ya begi na kufungia humo sweta na soksi kavu. Kumbuka pia kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za wanyama na misitu inayolindwa, kwa hiyo chupa nyepesi ya maji ya dukani itakuletea matatizo langoni Longonot. Beba chupa ngumu inayotumika tena, ya chuma au ya plastiki nzito. Ngong lita 2 zitakutosha. Longonot, ambako hakuna kivuli wala maji njiani, beba lita 3, na unywe kidogokidogo tangu mwanzo. Usinywe maji matupu kwa wingi siku nzima bila chakula chenye chumvi, kwani jasho hutoka na chumvi nayo lazima irudi. Mayai ya kuchemsha yenye chumvi, njugu, viazi vitamu na ndizi ni chakula kizuri cha mlimani kuliko biskuti.

Sasa goti. Kushuka mteremko kunalitesa goti kuliko kupanda, kwa sababu misuli ya paja hulazimika kufanya kazi ikiwa inarefuka, kama breki za gari linaloshuka mteremko wa Mai Mahiu, na kifuniko cha goti hukandamizwa kwa nguvu kubwa kuliko unapotembea tambarare. Maumivu ya kushuka ngazi, hasa kwa mbele ya goti, mara nyingi hutokana na misuli ya paja na nyonga iliyodhoofika, nayo huitikia mazoezi. Una kama wiki nne. Tumia ngazi za ghorofa unayoishi au za ofisini: shuka polepole, ukihesabu hadi tatu kwa kila ngazi, mara tatu kwa wiki, ukiishia pale maumivu yanapoanza kuongezeka. Siku ya safari chukua fimbo. Mpini wa ufagio au wa mopu wa mbao, uliokatwa kufikia urefu wa kiwiko chako pamoja na kiganja juu yake, utalipunguzia goti mzigo kila unapoutanguliza chini ya mteremko kabla ya mguu. Ukipata miwili ni bora zaidi. Tafadhali usikate mti msituni. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, wala usikimbie hata kama wenzako wanakimbia kwenye majivu ya Longonot kwa furaha.

Mambo machache yaliyobaki hayana gharama kubwa. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka, basi kubalianeni kabla ya kuondoka saa ya kugeuka, hata kama kilele kinaonekana. Tochi ndogo ya kichwani ni bora kuliko tochi ya simu, kwa kuwa huacha mikono huru na kukuhifadhia chaji ya kupiga simu. Filimbi ya mwalimu wa michezo husikika mbali kuliko sauti ya mtu: piga mara tatu, tulia, rudia. Weka kwenye simu nambari 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Vilima vya Ngong vina nyati, na visa vya wizi vimewahi kutokea, kwa hiyo pitieni langoni na mwombe kusindikizwa na askari wa msitu. Gharama yake mkigawana kundi zima ni ndogo, na hakuna buti zinazoweza kufanya kazi ya askari huyo.

Kuhusu mgawanyo wa pesa, ningetumia zaidi ya nusu ya zile 5,000 kwa viatu na kazi ya fundi, kisha kiasi kinachofuata kwa jaketi, kisha soksi, plasta na tochi. Nauli na ada ya kiingilio zitenge mapema kando, maana nimeona watu wakinunua fulana ya kupendeza na kukosa hela ya kurudi. Vingine vyote azima. Na ukija kupenda jambo hili, ukaanza kufikiria Mlima Kenya au safari za siku kadhaa, hapo buti nzuri zitakuwa na maana, nawe utakuwa tayari unaujua mguu wako.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Goti likivimba, likikwama lisinyooke, likilegea ghafla ukiwa umesimama, au likiuma usiku ukiwa umelala, usilijaribu mlimani. Nenda hospitali ukaonane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia alishike kwa mikono yake, kwa maana dalili hizo zinaweza kuashiria jeraha la ndani ambalo mazoezi ya ngazi yatalizidisha. Vilevile, ikiwa una kisukari au miguu hufa ganzi, mweleze daktari kabla ya safari, kwani unaweza kupata lengelenge usilihisi. Mlimani, mtu anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akisema maneno yasiyoeleweka, au aliyeanguka asiweze kupiga hatua nne kwa mguu aliouumia, hahitaji kutiwa moyo aendelee. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa kavu, mkae naye na mpige simu. Na ukishanunua viatu, hata kama vimepita kipimo cha kidole gumba, mwonyeshe fundi wako wa mtaani soli kabla ya kuilipia kazi ya kushona, kwa sababu yeye ameshika soli nyingi kuliko mimi na atakwambia papo hapo kama uzi utashika.